Programu ya futiboli ya chuo ni nini?

Ukifuatilia michezo ya Marekani utasikia watu wakisifia "programu ya futiboli" ya chuo fulani. Programu hiyo si ya kompyuta, na futiboli yenyewe si soka bali ile ya Kimarekani, inayochezwa kwa mpira wenye umbo la yai. Timu ni vijana wanaocheza msimu huu. Wakihitimu, wanakwenda zao. Programu ni kile kinachobaki: makocha, utaratibu wa kusaka wachezaji, uwanja, fedha na ratiba ya kila mwaka.

Mwanzoni hakuna chuo kilichokuwa na kitu kama hicho. Rutgers na Princeton walipokutana Novemba 6, 1869, wachezaji 25 kila upande, mchezo ulikuwa mali ya wanafunzi wenyewe.

Mfano ninaoupenda ni Notre Dame, huko Indiana. Novemba 23, 1887, wachezaji wa chuo cha Michigan waliokuwa safarini kwenda Chicago walipita hapo kuwafundisha wenyeji mchezo. Kwanza walichanganyika, wa Michigan na wa Notre Dame upande mmoja, ili wageni waelekeze na wenyeji waige. Kisha wakagawana kwa vyuo na kucheza mechi fupi. Michigan wakashinda 8-0.

Notre Dame huhesabu historia yake ya futiboli tangu siku ile, na ni haki yao. Lakini kwangu ile ilikuwa timu tu, tena changa mno. Mwaka 1890 na 1891 chuo hakikucheza mechi hata moja. Kocha mkuu wa kwanza, James Morison, alikuja 1894. Hapo ndipo naona programu ikianza kuchipua, kwa sababu kazi ya kufundisha haikuachiwa tena wanafunzi peke yao.

Aliyeikomaza ni Knute Rockne, kocha kuanzia 1918 hadi 1930. Alishinda mechi 105, akapoteza 12 tu, na uwanja mkubwa wa chuo ukafunguliwa katika msimu wake wa mwisho. Machi 31, 1931 alifariki katika ajali ya ndege huko Kansas. Msimu ulipofika, timu iliingia uwanjani chini ya Hunk Anderson, kijana aliyewahi kumchezea Rockne.