Adapta Mnaisingizia Bure

Nimeletewa tena. Picha ya uso, imepigwa kwa f/2, yaani tundu la lenzi wazi kabisa, kutoka mita moja hivi. Macho yamefifia, nywele za panja zinahesabika mmoja mmoja. Lenzi ni Jupiter-8 ya Kisovieti, ya skrubu; kamera ni Leica M ya filamu; katikati yao pete ya chuma inayoziunganisha. Na hukumu imeshatoka kabla sijaulizwa: "Ni hii adapta ya bei poa. Ninunue ipi?"

Mbaazi ukikosa maua husingizia jua.

Tuimalize habari ya pete haraka. Lenzi ya skrubu ya milimita 39 hukaa milimita 28.8 kutoka kwenye filamu. Bayoneti ya M, mdomo wa kuzungusha na kufunga ulioingia na kamera ya M3 mwaka 1954, ipo milimita 27.8. Tofauti ni milimita 1 kamili, na haikutokea kwa bahati: iliachwa ili pete ipate pa kukaa. Haina kioo ndani, kwa hiyo haiwezi kupunguza ukali wa picha, na haigeuzi lenzi ya milimita 50 kuwa ya 75. Kitu pekee inachokibadilisha waziwazi ni fremu unazoziona dirishani, zinazoonyesha lenzi itachukua eneo gani, kwa sababu masikio yake ndiyo yanayosukuma kijiti cha fremu. Ndiyo maana ipo ya 28/90, ya 35/135 na ya 50/75. Ukikosea utaletewa fremu ya mwenzako. Fokasi haiguswi.

"Sawa, lakini ikiwa nyembamba kuliko inavyotakiwa?" Hapo sasa, na hapa naomba unisikilize taratibu, maana hapa ndipo ninapochoka na watu.

Renjifainda, kipima umbali cha kamera unachofokasi nacho, haioni kupitia lenzi. Ni kipofu. Inapapasa mgongo wa lenzi kwa gurudumu dogo lililo mwisho wa mkono, na kulingana na mgongo ulivyosogea, inazisogeza taswira mbili za kitu kilekile unazoziona dirishani hadi zikutane. Unapoona taswira zimelingana, hujaona fokasi. Umeona taarifa ya gurudumu. Vipimo vya taarifa hiyo vimejengwa juu ya lenzi moja tu: ile ya "50" ambayo urefu wake halisi ni milimita 51.6. Lenzi hiyo ikisogea mbele milimita moja, mgongo nao unasogea milimita moja. Nyingine zote, 35, 90, 135, hulazimika kutafsiri: vioo vinasogea kwa kiasi kimoja, mgongo kwa kingine.

Sasa tuseme pete yako imepungua milimita 0.05. Vioo vimerudi nyuma 0.05. Na mgongo? Umerudi nyuma 0.05 vilevile, maana vyote vimefungwa kwenye pete hiyohiyo. Kwa lenzi ya 51.6, taarifa na ukweli vimepotoka pamoja, kwa hiyo bado vinakubaliana! Namba za umbali zitadanganya na kituo cha infiniti, cha vitu vya mbali kabisa, kitapita kidogo, lakini ukilinganisha taswira machoni, macho ndiyo yatakayokuwa makali. Pete mbovu haiiharibii 50 ya kweli picha ya karibu.

Kwa 90 mambo ni tofauti. Gurudumu likisogea 0.05, vioo vya 90 vilipaswa kusogea mara tatu yake (gawanya 90 kwa 51.6, jibu ulizidishe kwa lenyewe), lakini pete imevisogeza 0.05 tu. Kosa lililobaki ni milimita 0.1, na kwa f/4 linakaribia mpaka wa kuonekana. Kwa 135 ni karibu mara saba, usijisumbue. Kwa hiyo kama unalalamikia pete huku una 90 mkononi, nitakusikiliza na kutoa maikromita. Ukija na 50, tafuta mchawi mwingine.

Na mchawi wa Jupiter anajulikana. Jupiter-8 na Jupiter-3 ni kizazi cha Sonnar, lenzi ya kamera za Contax, na Contax ilijengwa juu ya milimita 52.4, siyo 51.6. Tofauti ya 0.8 mtu anaipuuza. Haya, piga hesabu. Kwa kitu kilicho mita 1, lenzi ya 51.6 inahitaji kutoka mbele takribani milimita 2.98, ya 52.4 inahitaji 3.08. Gurudumu la Leica linaridhika kwenye 2.98 na kukuambia tayari. Vioo bado vinadai 0.1. Kwenye f/2 filamu inavumilia kosa la 0.06 hivi kila upande, basi. Fokasi inaangukia sentimita 3 nyuma ya ulipolenga. Nenda kipime kichwa chako: kutoka jichoni, sentimita 3 nyuma, ndiyo panja. Ukifunga tundu hadi f/5.6 uvumilivu unafika 0.17 na kosa linajificha, ndiyo maana mchana wa jua lenzi hiyohiyo inaitwa "kali sana" na jioni adapta inaitwa takataka.

Kuna kundi la pili, hawa nawapitia mbio: wanaoamini kwamba skrubu ikiingia, lenzi imekubali. Zenit za mwanzo zilikuwa na skrubu ya 39 pia, ila ni kamera za kioo cha kuakisi; lenzi zake zinataka milimita 45.2. Ukiifunga kwenye kamera yetu inaingia vizuri kabisa, inapendeza, na haitaona chochote kilichopo duniani. Industar-50 zipo za aina zote mbili kwa jina lilelile. Ile bapa ni ya Zenit. Lenzi za mashine ya kukuzia picha nazo huingia, ila hazina hata pete ya fokasi. Na Leica M5 na CL zina kijiti cha kipima mwanga kinachosimama nyuma ya lenzi: usiidumbukize ndani lenzi ya kukunja, wala usifunge Jupiter-12, ambayo kioo chake cha nyuma kinazama mno.

Kupima ni rahisi. Fungua mlango wa nyuma, weka kipande cha kioo cha ukungu juu ya reli za ndani (za ndani! za nje ni za bamba la kukandamiza filamu), shata kwenye B ili ibaki wazi, tundu wazi, lenga rula iliyolazwa mshazari mita moja. Linganisha kwa renjifainda, kisha tazama kioo kwa lenzi ya kukuzia.

Dawa ni washa, pete nyembamba ya kuongeza unene, iliyo kati ya kijungu cha vioo na mwili wa lenzi. Mimi huongeza 0.06: kwa mita 1 linabaki deni la 0.04, kwa infiniti nimekopa 0.06, pande zote mbili zimo ndani ya uvumilivu wa f/2. Kwenye karatasi inavutia. Kwenye meza yangu sina amani hivyo. Jupiter nyingi zimefunguliwa na mikono mingi, vijungu vimebadilishana miili, na mara nyingi sijui kama nimerekebisha kosa la kiwanda au la fundi aliyenitangulia. Nimewahi kuongeza washa nikajipongeza, kumbe mkono wa renjifainda wa kamera yangu mwenyewe ulikuwa umelegea. Lenzi tatu za watu nilizitengeneza vibaya kwa ustadi mkubwa. Tena Jupiter-3 huhamisha fokasi nyuma unapofunga tundu, kwa hiyo ukiipima kwa f/1.5 umeipimia f/1.5 tu. Ya f/2.8 utaikisia, kama ninavyoikisia mimi.

Ile Jupiter-8 ya safari hii nimeiongezea washa, na kwenye rula imesimama palepale ninapolenga, kwa pete ileile ya bei poa. Nimemrudishia mwenyewe. Jana amenitumia picha: adapta mpya, bado iko kwenye boksi.