Uyoga wa ajabu umeota Mufindi: je, ni spishi mpya?

Mvua za Desemba zikishika, watu wa Iringa, Mufindi na Mbeya huanza kutumiana picha za uyoga ambao hawajawahi kuuona. Swali huwa lile lile: tumegundua kitu kipya? Huenda mmegundua, maana wanasayansi wanakadiria kuna spishi za kuvu, kundi ambalo uyoga ni sehemu yake, kati ya milioni 2.2 na 3.8, na zilizopewa majina ni sehemu ndogo tu. Ila njia ya kufika huko ina dhana potofu nyingi.

"Hata wazee hawaujui, basi ni mpya." Huenda ni mgeni tu. Ingia kwenye mipaini ya Sao Hill: utakuta uyoga wa kahawia wenye kofia inayoteleza kama imepakwa mafuta, na ukiugeuza huoni mistari bali vitundu vya njano. Huo ni wa jenasi ya Suillus. Huishi kwa kushirikiana na mizizi ya mipaini, nao ulifika nchini pamoja na miti hiyo. Wazee wangeupatia wapi jina? Upya wa spishi huthibitishwa kwa kuilinganisha na zilizokwisha kuelezwa, za hapa na za kwingine.

Kinyume chake pia hutokea. Spishi mbili za uyoga, Amanita tanzanica na Amanita masasiensis, zilipewa majina ya kisayansi mwaka 1994, ilhali wenyeji walikuwa wakizila. Ndiyo maana nasisitiza: jina la Kihehe, Kibena au Kisafwa, na maneno ya mama anayeuchuma kuhusu mti unaouambata, viandikwe kwenye daftari la mtafiti siku hiyo hiyo.

"Picha nzuri inatosha." Haitoshi, na hapa ndipo tunapopoteza mengi. Uyoga usikatwe juu ya udongo. Uchimbuliwe kwa kisu, kwa sababu jamii ya Amanita mara nyingi huwa na kifuko kwenye kitako cha shina, na ukikiacha ardhini umeacha ushahidi. Pasua mmoja wima, uangalie nyama yake inageuka rangi gani na kama inatoa utomvu. Unuse. Kofia nyingine ilaze juu ya karatasi, nusu nyeupe nusu nyeusi, uifunike kwa bakuli usiku kucha; asubuhi utakuta vumbi la spora, yaani chembe ndogo ambazo uyoga huzaliana kwazo, ambalo laweza kuwa jeupe, la waridi, la kahawia au jeusi, na rangi hiyo peke yake hupunguza sana orodha ya kutafuta. Beba kwenye karatasi, kamwe si mfuko wa nailoni, maana humo utatoka jasho na kuoza. Kisha ukaushwe taratibu, kwa joto la kama nyuzi 40, usibanikwe motoni. Andika mahali, mwinuko na miti iliyo jirani: miyombo, mipaini au msitu wa mvua.

Baada ya hapo ndipo hadubini inapoingia: spora hupimwa kwa mikrometa, nyingi kwa pamoja, na hutiwa dawa yenye iodini kuona kama zitageuka bluu nyeusi.

"Unaofanana ni ndugu." Mistari chini ya kofia imejitokeza katika koo tofauti zisizo karibu, na kuna uyoga wa mviringo unaokaa chini ya udongo ambao ni ndugu wa uyoga wa jenasi ya Russula wenye kofia. Vinasaba husaidia kutenganisha; sehemu iitwayo ITS ilipendekezwa mwaka 2012 iwe alama ya kawaida ya kutambua kuvu. Lakini jina haliwezi kusimama juu ya mfuatano wa vinasaba pekee. Kwa uyoga, linahitaji sampuli kielelezo iliyokaushwa na kuhifadhiwa kwenye hebaria, yaani hifadhi ya sampuli kavu za mimea na kuvu.

"Aliyeuokota huupa jina lake." Jina hutolewa na anayechapisha maelezo, na kwa desturi hajiiti mwenyewe. Tangu 2012 maelezo yanaweza kuwa ya Kilatini au Kiingereza, na tangu 2013 jina lazima lisajiliwe. Maelezo ya Kiswahili peke yake hayakubaliki, jambo linaloniuma, basi yaambatishwe.

"Konokono wameula, hauna sumu." Hapana. Amatoksini, sumu kali ya baadhi ya uyoga, haimdhuru kila mnyama, haiondoki kwa kupika, na tumbo laweza kuanza kuuma saa 6 au zaidi baadaye.

Na sampuli ikisafirishwa kwa wataalamu wa nje, nusu yake ibaki kwenye hebaria ya hapa nchini, kama ile ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ili mwanafunzi anayetoka Njombe aweze kuishika bila kupanda ndege.