Je, wajua kwa nini kuna matajiri wanaosema "tutozeni kodi zaidi"?

Ukiwaambia watu barazani kwamba kuna mtu ana pesa zake na hataki kupunguziwa kodi watakucheka, lakini wapo. 2010 kule Marekani punguzo la kodi alilopitisha George W. Bush 2001 na 2003 lilipokaribia kumaliza muda wake, kundi la mamilionea lilimuandikia Obama kwamba sisi punguzo hilo usituongezee muda, acha tulipe. Mwaka uliofuata bilionea wa huko huko, Warren Buffett, akatoboa kuwa yeye analipa kama asilimia 17 tu ya kipato chake, na wafanyakazi wa ofisini kwake wote wanamzidi kwa asilimia!

Sasa kwa nini? Wengine wanasema huruma. Mie naona hesabu tu, na sie wa Unguja hesabu yenyewe tulishaifanya kizani.

Mnakumbuka Disemba 2009 mpaka Machi 2010, umeme hakuna kisiwa kizima, waya ule wa chini ya bahari unaotuletea umeme kutoka bara ndo basi tena. Mwenye nazo akanunua jenereta. Mtaani kwetu lilikuwepo moja, limefungwa mnyororo kwenye nguzo ya baraza, likianza kunguruma magharibi ni mpaka saa tano usiku, moshi unarudi dirishani kwake mwenyewe, na kila siku dumu la petroli. Friji yake baridi ilikuwa inatoa, ila maji ya bomba hayaji mana pampu za visimani nazo zinataka umeme, basi na yeye asubuhi yumo kwenye foleni na ndoo zake kama sie. Ukimpunguzia kodi mtu yule atanunua jenereta kubwa zaidi, waya wa baharini hanunui.

Utasema, tajiri anayetaka kutozwa si achange mwenyewe bila kulazimishwa? Hazina ya Marekani ina akaunti ya kupokea zawadi za wananchi tangu 1843, hajakatazwa mtu. Lakini akitoa peke yake pesa imemtoka na waya haujaja, ni kama mchango wa kisima, ukitoa laki mbili na wenzio wanakuchungulia dirishani unajiona mjinga, ila nyumba zote zikitoa unatoa na roho yako safi. Anachotaka ni sheria iwabane wote, sadaka ni habari nyengine.

Wapo wanaojibu kuwa serikali itazifuja, bora zibaki kwangu nifungue biashara niajiri vijana, na hilo nalo si la kulipuuza, wizi tumeuona. Wengi lakini wakipunguziwa hunyamaza tu wakazila.

Waya mpya wa megawati 100 kutoka Ras Kiromoni kule bara mpaka Fumba huku Unguja ulikamilika 2013, na unajua nani kalipa? Walipa kodi wa Marekani, kupitia mkataba aliosaini na Kikwete Dar es Salaam Februari 2008 Bush yule yule wa kupunguza kodi. Jenereta la jirani bado lipo barazani, kuku wanatagia juu yake.