Pampu ya pumu haimfanyi mtu kuwa mweusi

Sokoni Kibuye, Kisumu, utasikia: “Mtoto ameanza weusi shingoni tangu apewe ile pampu.” Kisha pampu inafichwa kabatini, na hilo ndilo linalonitisha. Pumu hubana njia za hewa. Si pumu wala pampu inayomfanya mtu kuwa mweusi.

Ila pumu na ukurutu ni ndugu. Wengi wanavyo vyote viwili. Ngozi huwasha, mtoto hujikuna usiku kucha, na ikipona huacha mabaka meusi, hasa kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti. Shingo yenye ngozi nyeusi, nene kama mahameli? Mara nyingi ni uzito uliozidi au dalili ya kuelekea kisukari. Apimwe.

Midomo ikigeuka kijivu au buluu wakati pumu imembana, usingoje matatu ijae. Mpe pampu, mkimbize hospitali.