Mngoni na Mhehe kisimani

Ukiwapa wanafunzi wangu wa maigizo hapa Dodoma vita waandike, watakuletea onyesho lilelile. Askari wawili wanakutana porini, wanaelekezeana bunduki, mmoja anatoa picha ya mama yake, wote wanalia, kisha hotuba ya amani ukurasa mzima. Watazamaji wetu hotuba wamezisikia tangu mstarini shuleni. Hapo ndipo simu zinatoka mifukoni.

Safari hii nikawaambia: vita tunavyo, Vita Kuu ya Kwanza, Mwingereza na Mjerumani, tena vilipita hapahapa. Kondoa-Irangi ilipiganiwa usiku wa Mei 9 kuamkia 10, 1916, na Dodoma ikachukuliwa na majeshi ya Uingereza Julai mwaka huohuo. Na kuna zawadi kwa mtunzi: askari Waafrika wa pande zote mbili wengi walielewana kwa Kiswahili. Mtunzi wa Ulaya huhangaika kuwatafutia maadui wake lugha, mara wimbo, mara ishara za mikono. Kwetu adui anakutukana na unamwelewa mpaka silabi ya mwisho.

Hata mstari wa kutenganisha maadui ulikuwa unavuja. Mwaka 1917 Waingereza walijaza kikosi cha 6 cha KAR, jeshi lao la askari Waafrika, na askari wa Mjerumani waliokuwa wametekwa. Mtu analenga bunduki kambi aliyokuwa analala juzi.

Basi tukamweka Mngoni KAR, Mhehe kwa Mjerumani, kwenye korongo la mchanga Ugogo, kiangazi cha 1917, wakati kikosi cha Naumann, ofisa wa Kijerumani, kinazunguka kaskazini mwa reli. Kisima ni shimo la kuchimbwa kwa mikono. Kata ni moja, mpini umevunjika.

Rasimu ya kwanza Mngoni alisema, "Ndugu yangu, sote ni binadamu." Nikafuta. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali karne ya 19, na vita vile vikazaa utani. Mtani hapewi somo la ubinadamu. Sasa wanaongea hivi:

"Mhehe wewe, mbwa wako yuko wapi? Au ulimmaliza njiani?"

"Nilimficha. Nilisikia kuna Mngoni, panya wa Songea wamemwishia."

Mwanafunzi mmoja aliogopa watu watachukia. Nitamshangaa Mhehe atakayenuna kwa hilo.

Angalia tusi hilo linavyofanya kazi. Huwezi kulitoa bila kujua mwenzako katoka wapi, wazee wake ni akina nani, na atajibu nini. Picha ya mama inaomba huruma; utani unadai jibu, na mtu akishajibu, kumpiga risasi kunakuwa kugumu. Lakini bunduki isishuke kwa sababu ya kicheko, hapo waigizaji hukosea sana. Ishuke kwa sababu kata imejaa, haina mpini, inataka mikono miwili.

Mwenye kisima, mama wa Kigogo, anawatazama kwa mbali. Majeshi yote mawili yalichukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo Ugogo, na njaa ya Mtunya ikaingia. Kwake yeye hawa wawili hawajawahi kuwa maadui. Ni wachukuaji walewale, wamepishana kofia tu. Hana neno hata moja kwenye mchezo, na ndiye mhusika ninayempenda kuliko wote.

Usiku Mhehe anakufa kwa kidonda. Msibani mtani ana ruhusa ya kujilaza kaburini na kukataa kutoka mpaka wafiwa wamlipe. Mngoni anachimba peke yake, anajilaza mle, anadai chake kwa sauti. Hakuna mfiwa.

Kuna mwanafunzi anataka mama wa Kigogo aje amtupie punje za uwele. Nimekataa, amlipe kwa lipi? Mwigizaji nimemwambia ahesabu hadi thelathini kimoyomoyo ndipo ainuke. Jana alifika kumi na nane, akatoka.