Kwa nini mfupa hukonda ndani ya hogo

Juzi nilimpokea mama mmoja aliyetoka kufunguliwa hogo la wiki nane. Picha ya eksirei ilionyesha mguu umeunga vizuri. Lakini alipoutazama, shavu la mguu limenywea na ngozi inabanduka, akaniuliza, "Daktari, huu utanibeba kweli?" Nikamwonyesha kisigino pale kwenye picha: kimefifia, nyuzi za mfupa ndani yake zimekuwa nyembamba. Kisigino hakikuvunjika. Kilikosa kazi tu.

Ndani ya mfupa mgumu zimo seli ziitwazo osteositi, na kwa mtu mzima ndizo zaidi ya tisa katika kila seli kumi za mfupa. Kila moja imekaa kwenye kishimo chake, imenyoosha matawi kupitia vijifereji vyembamba mno hadi kuwagusa majirani. Ukikanyaga, mfupa hupinda kiasi ambacho jicho halioni, majimaji ya vijifereji husukumwa, na osteositi huhisi mkondo ule. Hapo hupunguza sklerostini, protini inayozizuia seli za kujenga mfupa. Siku zikipita bila kukanyaga, sklerostini hupanda, na osteositi hizo hizo hutoa RANKL, ishara inayokuza seli zinazokula mfupa. Ndiyo maana wanaanga, pamoja na afya yao yote, hupoteza takriban asilimia 1 ya mfupa wa nyonga kila mwezi. Na kule Afrika Kusini zipo familia za Makaburu ambamo baadhi huzaliwa bila sklerostini: mifupa yao hunenepa hadi kubana neva za uso na za masikio.

Wagonjwa wengi huamini kusimama muda mrefu kunatosha. Hakutoshi. Mwaka 1984 watafiti Clinton Rubin na Lance Lanyon walichapisha majaribio ya mfupa wa bawa la ndege. Mzigo uliotulia haukuujenga. Kubana na kuachia mara 36 kwa siku kuliujenga. Mara 1,800 hazikuongeza kitu zaidi ya hapo. Seli huzoea upesi, na zikipumzishwa huhisi upya.

Kwa hiyo nilimwekea mama yule mizani chini ya mguu, magongo nikayaegemeza ukutani. Akashika meza, akakanyaga mpaka kilo 15, akaachia. Mara kumi, kisha apumzike hadi mchana, kisha tena jioni. Alipofika mara ya saba aliacha kunitazama mimi, akawa anautazama mshale.