Kipindupindu cha 1869 kiliingia Zanzibar kwa mlango wa nyuma

Katika maradhi yote ya mlipuko ninayoyatafiti, hakuna yanayonishughulisha kama kipindupindu cha Zanzibar cha 1869. Kilitokea upande ambao hakuna aliyekuwa akiutazama.

Mwaka 1865 kipindupindu kiliua maelfu ya mahujaji huko Makka, kisha kikasambaa hadi Misri na Ulaya. Mwaka uliofuata wajumbe wa serikali nyingi walikutana Istanbul, na mjadala mkubwa ukawa ni meli za mahujaji na Bahari ya Shamu: meli izuiwe wapi, abiria washushwe lini. Maradhi yalihesabiwa kuwa ni ya baharini.

James Christie, tabibu wa Kiskoti aliyefanya kazi Zanzibar, hakuridhika. Aliwahoji wafanyabiashara wa misafara: mnapita njia gani, mnanunua wapi, watu walianza kufa lini? Akaunganisha habari zao hadi ramani ikajichora. Kutoka Makka maradhi yalivuka hadi Uhabeshi, yakateremka polepole mpaka nchi ya Wamasai, yakafika Pangani pamoja na misafara. Pangani na Unguja si mbali kwa jahazi. Mwishoni mwa Novemba 1869, enzi ya Sultani Majid, mji ulikuwa unazika. Christie alichapisha kazi hiyo mwaka 1876, na mpaka leo sijaona ufuatiliaji wa maradhi wa zama zile unaonivutia zaidi.

Hata bandari yenye karantini kali ingepata taabu. Anayeambukizwa anaweza kukaa saa chache tu au hata siku 5 kabla ya kuugua, na wengi hawaugui kabisa, ingawa kinyesi chao kina vimelea. Mkaguzi anayepanda jahazini kutafuta wagonjwa atamwona nani? Halafu ukiuangalia mji wenyewe: visima vifupi, mwamba wa matumbawe unaopitisha maji, na mashimo ya vyoo jirani. Kilichohitajika ni mtu mmoja tu. (Christie hakukijua kimelea; Robert Koch alikitambua mwaka 1884.)

Kutoka Unguja kikaenda Kilwa, Komoro na Msumbiji. Kikarudi bara pia pamoja na wapagazi. David Livingstone, mmisionari na mvumbuzi wa Kiskoti, alikuwa Manyema, mashariki mwa Kongo ya leo, akisubiri bidhaa na watu kutoka pwani. Baadhi ya waliotumwa kwake walikufa kwa kipindupindu.

Kituo cha karantini cha kisiwa cha Changuu, ambacho watalii hupelekwa kukiona pamoja na kobe, ni cha baadaye: jengo lake lilijengwa kama gereza katika miaka ya 1890. Mimi naupa uzito zaidi mfereji wa Sultani Barghash, ulioleta mjini maji ya chemchemi kutoka upande wa Bububu katika miaka ya 1880. Sifa zake huishia kwenye ukarimu wa Sultani, na ni nadra kuutaja katika historia ya tiba. Lakini anayekinga maji ya chemchemi hana haja ya kuteka kisima kilicho jirani na choo, iwe maradhi yamekuja kwa jahazi au kwa miguu.